Kisiwa cha Hofu na Macho ya Mgeni

Utangulizi

Katika hadithi za mataifa mengi yanayopakana na bahari kuna kisiwa kisichojulikana. Hakimo katika ramani ya nahodha. Au pengine kimo, lakini kimechorwa ukingo wake tu, na katikati pameachwa peupe. Chombo hupotezwa na tufani, mabaharia huuona mlima mbele yao alfajiri, na hadithi huanza. Msikilizaji hamwulizi msimulizi kwa nini kisiwa hicho ni cha ajabu. Anakubali tu kwamba ni cha ajabu, kwa sababu waliomo chomboni wanastaajabu naye yumo chomboni pamoja nao. Shabaha ya makala haya ni kuliuliza swali hilo lisiloulizwa: kisiwa ni cha ajabu kwa nani?

Mfano tutakaouhakiki haukutoka katika ngano za kale. Umetoka katika mchezo uliobuniwa Marekani, nao ni kisiwa cha kubuni kiitwacho The Isle of Dread, yaani Kisiwa cha Hofu. Huenda msomaji akashangaa kuona mchezo wa watu wa mbali ukijadiliwa katika kitabu kinachohusu utamaduni wa taifa letu. Jibu ni kwamba utamaduni hauishii katika ngoma, mavazi na sanamu za mpingo. Sanaa yoyote inayomzoeza kijana namna ya kumtazama mtu wa ng'ambo ya maji ni jambo la utamaduni. Tena liko jambo la pili, nalo ndilo zito zaidi: pwani yetu wenyewe iliwahi kuwa kisiwa cha hofu katika vitabu vya wengine. Kwa hiyo, tunapokihakiki kisiwa hiki cha kubuni, tunahakiki pia namna sisi tulivyotazamwa.

Mchezo wenyewe

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Mchezo huo hauna ubao wa kete kama bao, wala hauna mshindi mmoja anayeondoka na ushindi. Watu kadhaa huketi mezani. Mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi. Yeye huieleza dunia ya kubuni, huwasemea wakazi wake, na huamua matokeo kwa kufuata kanuni. Kila mmoja wa waliobaki humchukua mhusika mmoja, kwa mfano shujaa wa vita, mchawi, kuhani au mwizi, akamsemea na kuyaamua matendo yake. Jambo linapokuwa na mashaka, kama vile kuruka shimo au kupigana na mnyama, hurushwa dadu. Ziko dadu za nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Mwisho wa hadithi haujaandikwa popote. Hata msimulizi mwenyewe haujui.

Mwalimu wa fasihi simulizi hataiona fani hii kuwa ngeni kabisa. Katika utambaji wa ngano zetu hadhira haikai kimya. Huitikia, huimba, huuliza, humkosoa mtambaji akikosea. Hali kadhalika katika vitendawili. Mtegaji husema, nasi tunajibu. Tukishindwa hudai apewe mji. Tukimpa mji anaoutaka, huenda huko kwa maneno tu, akasimulia mambo aliyoyafanya katika mji huo, kisha ndipo atoe jibu. Hapa mtoto wa Kiswahili anapewa mji mzima, nao huwa wake kwa muda wa sentensi mbili tatu. Kwa hiyo safari ya kubuni inayofanywa na watu walioketi duara moja si jambo tulilosubiri kuletewa. Jambo jipya katika mchezo wa Wamarekani ni kanuni zilizoandikwa, dadu, na ramani.

Fani: kisiwa kinavyojengwa

Mpaka kufikia miaka ya mwisho ya 1970, visa vingi vilivyochapishwa kwa ajili ya mchezo huu vilitendeka katika mapango na mahandaki. Mwaka 1981 kampuni ya TSR ilichapisha The Isle of Dread, kitabu cha kurasa chache kilichoandikwa na David Cook na Tom Moldvay, na kukitia katika sanduku la kanuni za wachezaji waliokwisha kupata uzoefu. Kusudi lake lilikuwa kumfundisha msimulizi namna ya kuendesha safari ya nje, katika bahari, misitu na milima.

Kisa chaanza kwa karatasi. Wachezaji huangukiwa na kurasa za daftari la safari za nahodha mmoja wa kubuni, Rory Barbarosa. Humo nahodha ameeleza kwamba alifika katika kisiwa cha mbali kusini, akafanya biashara na watu wa vijiji saba vilivyopo katika rasi, naye akasikia kwao habari za mji wa kale ulioko bara ya kisiwa, uliojengwa na miungu, wenye lulu kubwa nyeusi. Pamoja na kurasa hizo ipo ramani. Ramani hiyo imegawanywa katika vyumba vya pembe sita, mithili ya sega la nyuki, na kila chumba ni mwendo wa maili 6. Ufuko umechorwa, ndani hamna kitu.

Hapa yafaa tuwape waandishi sifa wanayostahili. Ile sehemu nyeupe ya ramani ni ubunifu mkubwa wa kisanaa. Mwandishi wa riwaya humwongoza msomaji katika njia moja aliyokwisha kuifyeka. Waandishi wa kisiwa hiki wamemkabidhi mchezaji panga, wakamwambia afyeke mwenyewe. Akienda kaskazini atafika kwenye kinamasi. Akipanda uwanda wa juu atalikuta ziwa. Akikawia katika msitu atakutana na wanyama wakubwa waliotoweka duniani zamani za kale. Kila anapofika huandika, na ramani hujaa kwa mkono wake. Msomaji amegeuka kuwa mwandishi. Ni vitabu vichache vinavyomwamini msomaji wake kiasi hicho, na bila shaka hii ni sababu mojawapo iliyokifanya kisiwa hiki kidumu. Mwaka 2018, miaka thelathini na saba baada ya kutoka mara ya kwanza, kilichapishwa upya pamoja na nyongeza nyingi.

Tena katika kanuni za wakati ule kuna jambo jingine la kusifiwa. Wachezaji wanapokutana na kiumbe au watu wasiowajua, msimulizi huweza kurusha dadu mbili ili kujua kama wenyeji hao watawapokea kwa uadui, kwa mashaka, au kwa urafiki. Maana yake ni kwamba kanuni zenyewe hazikumhukumu mgeni na mwenyeji wapigane. Waliacha mlango wa salamu wazi.

Maudhui: ukuta na waliojenga ukuta

Hata hivyo, fani nzuri yaweza kubeba maudhui yenye kasoro, na ni wajibu wa mhakiki kuvitenganisha viwili hivyo. Tuanze na jina. Hakuna mtu anayekiita kijiji alikozaliwa Kijiji cha Hofu. Mahali ambapo mama yake humpikia, ambapo kitovu chake kimezikwa na ambapo anajua kila jiwe la pwani, hapawezi kuwa pa kutisha kwake kwa jina na kwa siku zote. Jina la Hofu limetolewa na aliye chomboni. Basi tangu jalada la kitabu, kabla hatujamwona mwenyeji hata mmoja, tumekwisha kuketishwa mahali pa kutazamia: tumeketishwa katika sitaha.

Pili ni ukuta. Kijiji kikubwa katika rasi kinaitwa Tanaroa. Kati ya rasi hiyo na kisiwa kikubwa umesimama ukuta mrefu wa mawe unaowakinga wanavijiji na wanyama wa kutisha walioko upande wa pili. Aliyepata kuiona filamu ya King Kong ya mwaka 1933 ataukumbuka ukuta wa namna hiyohiyo, pamoja na ngoma na watu wenye hofu chini yake. Katika filamu ile huelezwa kwamba waliojenga ukuta walikuwa watu wa kale wenye ustaarabu mkubwa, na kwamba wakazi wa sasa wameusahau ustaarabu huo. Katika Kisiwa cha Hofu nako mambo makubwa ni ya kale na ya wengine. Mji wa bara, kwa kauli waliyowekewa wanavijiji wenyewe, ni kazi ya miungu. Mwenyeji anaruhusiwa kuishi kando ya jiwe, kulilinda jiwe na kuliogopa jiwe. Haruhusiwi kuwa mjukuu wa aliyelichonga.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuambiwa kwamba wazo hili halikuzaliwa katika mchezo. Mwaka uleule wa 1981 kilipochapishwa kisiwa hiki cha kubuni, kisiwa kingine cha mawe, ambacho si cha kubuni, kiliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia: Kilwa Kisiwani, pamoja na Songo Mnara. Kilwa ina Msikiti Mkuu wenye makuba na nguzo za matumbawe, na ina jumba la Husuni Kubwa lililojengwa katika karne ya kumi na nne. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika huko mwaka 1331 akausifu uzuri wa mji. Lakini kwa miaka mingi wataalamu wa kigeni walipoyatazama magofu ya pwani yetu waliandika kana kwamba mawe hayo yalishushwa tayari kutoka katika majahazi, na wenyeji wakawa wapangaji tu katika nyumba za historia. Ilibidi wachimbuzi wa mambo ya kale wachimbe chini zaidi. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba chini ya majengo ya mawe kulikuwa na majengo ya miti na udongo ya karne ya nane, na kwamba mji ulikua hatua kwa hatua mahali palepale, kwa mikono ya watu walewale na wageni waliojiunga nao. Wageni walikuwapo, na hakuna haja ya kuwakana. Lakini ukuta ulikuwa na wenyewe.

Kwa hiyo tunapomsomesha kijana kisa ambamo mawe hayana wenyewe, hatuna budi kumwambia kwamba kosa hilo lina historia, na kwamba historia hiyo ilitugusa sisi.

Tatu ni hazina. Katika kanuni zilizofuatana na kitabu hiki, mhusika hukua na kupanda daraja kwa kupata alama za uzoefu. Alama hizo hupatikana kwa kuwashinda viumbe wa hatari na, zaidi sana, kwa thamani ya mali anayoitoa. Lulu nyeusi ina bei, na bei hiyo hugeuka kuwa alama. Mchezaji ambaye angeamua kukaa Tanaroa, akajifunza lugha ya pale, akasaidia kuvua na kulima, karibu asingekuwa na cha kuandika katika karatasi yake. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kisiwa hiki mgeni hapewi jembe hata siku ya thelathini. Amekuja na upanga, na kanuni zinamlipa kwa upanga.

Hapa mwanafunzi anaweza kupinga, na apinge kwa haki, aseme: huu ni mchezo tu, na hakuna aliyeumia. Ni kweli. Lulu ni ya maneno, na damu ni ya dadu. Isitoshe, msimulizi mwema anaweza kuwafanya watu wa Tanaroa kuwa wenye hekima na ucheshi, na wachezaji wema wanaweza kuirudisha lulu mahali pake. Nasi hatusemi kwamba anayecheza kisa hiki amekuwa mnyang'anyi. Tunasema jambo dogo zaidi na lenye kudumu zaidi: mchezo ni mazoezi. Mtoto anayecheza kibaba hujifunza kupika kabla hajashika moto. Anayecheza ugeni wa namna moja siku zote hujifunza kuwa mgeni wa namna hiyo.

Bahari yetu na kisiwa chake cha ajabu

Tuigeuze sasa darubini. Visiwa vya ajabu havikuanza na filamu wala na michezo ya Marekani. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na vyao, na kimojawapo kilichotajwa sana na waandishi wa Kiarabu ni nchi ya Wakwak. Walisema iko mbali mno mashariki au kusini. Wengine wakadai kuwa huko miti huzaa matunda yenye sura za binadamu. Wataalamu wa siku hizi wamelihusisha jina hilo na visiwa vya Indonesia, au na Madagascar, ambako lugha ya wenyeji ina asili yake huko Indonesia.

Basi katika kitabu cha Kiarabu cha karne ya kumi kihusucho maajabu ya Bara Hindi, ambacho kwa kawaida huhusishwa na nahodha Buzurg ibn Shahriyar, kuna habari inayotuhusu sana. Inaelezwa kwamba yapata mwaka 945 watu wa Wakwak walikuja na vyombo vyao vingi, wakaushambulia mji wa Kanbalu. Kanbalu ulikuwa mji wa kisiwani katika pwani ya Zanj. Wataalamu wengi huuweka Pemba, na baadhi yao huyataja magofu ya Ras Mkumbuu. Mwanajiografia al-Masudi alikwisha kupita huko. Mara yake ya mwisho kusafiri kutoka Kanbalu kwenda Oman ilikuwa yapata mwaka 916. Yeye aliiogopa sana bahari ya Zanj, akasema hakuona bahari yenye hatari kuishinda. Lakini mji wenyewe aliueleza kama mji, wenye Waislamu na watu wa Zanj, na wenye lugha ya Zanj. Hofu yake ilikuwa katika mawimbi. Haikuwa katika watu.

Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Safari hii watu wa kisiwa cha ajabu ndio waliomo vyomboni, na sisi ndio tulio ufukweni. Nao walipoulizwa kwa nini wametoka mbali hivyo, jibu lao halikuwa la kimaajabu hata kidogo. Walisema wamefuata bidhaa zinazohitajiwa kwao na China: pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui na ambari, na pia walitaka kuchukua watumwa. Mji wa Kanbalu ulikuwa na ngome, hawakuuweza. Mtu asiyeulizwa hubaki jini. Akiulizwa na kujibu huwa mfanyabiashara, au mnyang'anyi, yaani mtu anayeweza kuhukumiwa kwa matendo yake. Swali ndilo lililoyaua maajabu.

Kitabu hichohicho kina kisa kingine ambacho kila mwalimu angefaa kukijua. Mwaka 922 hivi, jahazi lililotoka Oman likielekea Kanbalu lilisukumwa na tufani mpaka Sofala, katika Msumbiji ya leo. Mabaharia walikata tamaa, kwa kuwa walikwisha kusikia kwamba watu wa huko hula watu. Kumbe mfalme wa nchi aliwapokea vyema, akawaacha wauze na kununua bila ushuru wala dhuluma. Siku ya kuondoka mfalme akapanda chomboni kuwaaga, pamoja na watu wake. Nahodha akapiga hesabu ya bei atakayopata sokoni, akatweka tanga, akaenda kuwauza Oman. Baada ya miaka kadhaa tufani ikawarudisha palepale, nao wakafikishwa mbele ya mfalme. Naye alikuwa yuleyule waliyemwuza. Alikwisha kutoroka, kujifunza, kusilimu na kurudi katika kiti chake. Akawasamehe, akawaruhusu wafanye biashara. Lakini kupanda tena chomboni kuwasindikiza, hilo alikataa.

Katika kisa hiki wapo walaji wa watu, ila si wale walioogopwa. Msimulizi wake ni nahodha mwenyewe, aliyejishitaki kwa kinywa chake. Na uzuri wa masimulizi haya unatokana na kwamba aliye chomboni amelazimishwa, kwa mara moja, kujitazama kutoka ufukweni. Jambo hilo ndilo linalokosekana katika Kisiwa cha Hofu. Daftari la Rory Barbarosa ni la upande mmoja mwanzo hadi mwisho. Hatupewi hata ukurasa mmoja ulioandikwa Tanaroa siku ile tanga lake lilipoonekana, na kuhusu siku kama hiyo sisi tungekuwa na mengi ya kueleza. Mwaka 1505 meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilifika Kilwa. Mji ukashambuliwa na kuporwa. Katika karatasi za wageni ilikuwa safari yenye mafanikio. Walioketi ufukweni waliihesabu kwa namna nyingine.

Nchi ya kubuni iliyotazamwa kutoka ndani

Msomaji atauliza: je, inawezekana kubuni nchi ya ajabu bila kumpandisha msomaji chomboni? Inawezekana, na fasihi yetu imekwisha kuonyesha njia. Shaaban Robert, aliyeishi tangu 1909 mpaka 1962, alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Nchi yake inaelea hewani, jambo linaloushinda hata uajabu wa kisiwa cha wanyama wa kale. Lakini hakumpeleka msafiri wa kigeni akaishangae. Aliwaweka mbele yetu wananchi wa nchi hiyo: Majivuno anayeshitaki, na Karama anayeshitakiwa kwa kosa la kuwafundisha wenzake elimu ya sheria. Uajabu wa nchi unatajwa na kuzoeleka upesi. Linalobaki ni haki na dhuluma, mambo tunayoyajua sote.

Tena katika utetezi wake Karama anawasimulia wajumbe sita waliotumwa kwenda nchi za mbali. Wajumbe hao nao ni wasafiri, wanapata taabu njiani na kufika katika nchi ngeni. Lakini hawaendi kutafuta lulu. Wanaenda kutafuta mambo yatakayoifaa nchi yao, na huko waendako wanajifunza. Nao wakirudi na elimu hiyo, wakubwa wa Kusadikika huwatia kifungoni. Linganisha wasafiri hawa wawili. Mmoja huondoka nyumbani maskini na kurudi na mali, na kanuni zikampandisha daraja. Mwingine huondoka na swali na kurudi na jibu, na nchi yake ikamwadhibu. Wa kwanza hutufurahisha kwa jioni moja. Wa pili hutuachia jambo la kufikiri, kwa sababu hatari kubwa kwake haikuwa katika kisiwa cha mbali; ilikuwa nyumbani.

Mafunzo kwa mwalimu na mwanafunzi

Kutokana na hayo, je, tuwakataze vijana michezo ya namna hii? Hapana. Kukataza ni kazi rahisi isiyofundisha kitu, na mchezo huu una mema mengi: unazoeza ufasaha, subira ya kumsikiliza mwenzako, hesabu ya bahati nasibu, na ujasiri wa kubuni papo kwa papo. Mwalimu anaweza kuigeuza sehemu nyeupe ya ramani kuwa somo. Wanafunzi na wachore kisiwa katika karatasi kubwa. Kundi moja lipewe chombo na daftari la nahodha. Kundi la pili lipewe ufuko, visima, mashamba, makaburi ya wazee na majina ya kila mahali. Kisha chombo kitie nanga, na makundi yote mawili yaandike habari za siku hiyohiyo moja. Hati mbili zikisomwa kwa zamu darasani, hakuna mhadhara utakaofundisha zaidi ya hapo.

Na mwanafunzi akutanapo na kisiwa cha ajabu popote pale, katika riwaya, filamu au mchezo wa kompyuta, ajizoeze kuuliza maswali matatu. Nani alikipa kisiwa jina? Nani alijenga ukuta, na kwa nini hayupo katika hadithi? Na mgeni anapoondoka, ameacha nini? Maswali hayo hayaharibu ladha ya hadithi. Yanaongeza chumba cha pili katika nyumba ambayo tulidhani ina chumba kimoja.

Hitimisho

Waandishi wa Kisiwa cha Hofu walifanya kazi kubwa ya fani. Walimpa msomaji ramani yenye uwazi, wakampa na uhuru wa kuijaza. Kasoro yao ni kwamba walidhani palipo peupe katika ramani ya mgeni ni peupe kwa kila mtu. Sisi tunaoishi katika pwani iliyopata kuchorwa ukingo tu tunajua kwamba sivyo. Ndani ya ule weupe kulikuwa na watu, na watu hao walikuwa na majina ya mito na vilima vyao kabla ya nahodha yeyote kutia wino kalamu.

Wazee husema mgeni ni kuku mweupe: haijifichi sura yake miongoni mwa kuku wa mji, kila jicho linamwona. Yeye mwenyewe, akitazama kutoka chomboni, hudhani kuwa ameona kisiwa cha ajabu. Kule ufukweni, wakati huohuo, mtoto aliyeacha kuokota kombe amemshika mama yake mkono, anamwonyesha tanga, na kumwuliza: ni ajabu gani ile inayokuja?